BMW 320i (E90) Tanga: dalili, chanzo, na pa kuanzia kushika

Injini ya BMW 320i ikifunguliwa kwenye gereji za Tanga, mara nyingi chuma hukutwa kizima. Kilichokufa ni mpira na plastiki: gasketi imekauka kama ganda la muwa, kiungio cha hozi kinavunjika kwa kuguswa tu, sili imekuwa ngumu kama kifungo cha shati. Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata hilo. Dalili ni nyingi lakini vyanzo vinajirudia, na kosa la mafundi na wenye magari ni lile lile: kubadilisha kitu kizito kabla ya kukagua kile chepesi.

Maelezo yanahusu E90, yaani 3 Series iliyoundwa kuanzia 2005 hadi 2011, yenye injini ya N46B20: silinda 4, cc 1,995, nguvu za farasi 150 au zaidi kidogo. Ndiyo iliyomo kwenye 320i nyingi zilizotoka Japani. Baadhi ya 320i zina N43, ambayo nozeli zake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na 323i na 325i zina N52 ya silinda 6. Hizo zitatajwa pale zinapotofautiana. Hakikisha unajua yako ni ipi kabla ya kuagiza chochote. Usimwambie muuza spea "nataka ya BMW 320". Mpe tarakimu 7 za mwisho za namba ya chesisi. Spea zinatoka Kariakoo au Ilala, Dar es Salaam, zikiwa zimefungwa kwenye boksi na kupakiwa kwenye basi, na ikija isiyo yake ni nauli mara mbili na gari kukaa juu ya mawe siku kadhaa.

Kwa nini linaunguza mpira wake lenyewe

BMW walianza na injini za ndege wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Pikipiki yao ya kwanza, R32, ilitoka 1923, na magari yakafuata baada ya kununua kiwanda cha Eisenach mwaka 1928. Mwaka 1959 nusura kampuni imezwe na Daimler-Benz. Wanahisa wadogo wakagoma, Herbert Quandt akaongeza mtaji, na gari la 1500 la mwaka 1962 likawarudisha mjini. 3 Series ya kwanza, E21, ni ya 1975. E90 ni kizazi cha tano.

Mwaka wa kukumbuka kwa anayeshika spana ni 2001, walipotoa Valvetronic. Injini ya kawaida hupimiwa hewa na kile kipepeo cha throto. Ya Valvetronic hupimiwa na valvu za kuingizia zenyewe: mota ya umeme inazungusha shafti ya eksentriki, valvu zinafunguka kidogo au sana. Ulaji wa mafuta unapungua. Lakini manifoldi haina tena mvuto wa kutosha kusaidia breki, kwa hiyo wakaweka pampu ya vakyumu nyuma ya silinda hedi, na hiyo pampu ina sili. Shafti ya eksentriki inahitaji sensa, na sensa imekaa chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya silinda hedi), ndani ya oili, nayo ina sili. Tena ili petroli ipungue zaidi, thamostati inaendeshwa na kompyuta na kuachia maji yafike nyuzi 105 hivi gari likitembea taratibu. Gari hilo likija Tanga, chini ya boneti hakupoi mchana wala usiku. Miaka 15 ya namna hiyo, mpira gani utabaki laini?

Linachemsha

E90 haina geji ya joto la maji. Kwenye 320i, mahali ambapo ungetegemea kuiona pana geji ya ulaji wa mafuta. Unachopata ni taa ya njano, kisha nyekundu, na mlimani muda wa kati ya hizo mbili ni mfupi. Dawa ya kwanza basi si spea, ni kidude cha OBD cha bluetuthi. Kichomeke chini ya dashibodi upande wa dereva, usome joto kwenye simu. Usishtuke kuona 100 hadi 108 ukiwa unatembea polepole, ndivyo ilivyopangwa. Ukikanyaga mafuta sana kompyuta hufungua thamostati zaidi na namba inashuka. Shtuka ikipita 115, au ikiwa inapanda bila kutulia mahali.

Swali la kwanza ni linachemka wapi.

Likichemka limesimama, tuseme uko Ngamiani sokoni na AC inafanya kazi, halafu ukishika barabara ya Pongwe namba inashuka yenyewe, tafuta upepo, si maji. Feni ya E90 ni ya umeme na ina moduli yake pembeni. Zima gari, izungushe kwa mkono: ikikwaruza, beringi zimekwisha. Washa AC uone kama inaamka. Isipoamka, kagua fyuzi na plagi yake ya waya kabla ya kuihukumu feni. Chumvi ya bahari hugeuza pini kuwa kijani. Kisha angalia kati ya kondensa ya AC na rejeta. Hapo hukusanyika vumbi jeupe la Maweni na Pongwe, mabawa ya wadudu na nyuzi za majani, mpaka inakuwa kama godoro. Osha kwa bomba la kawaida kutokea upande wa injini kwenda nje. Usitumie mashine ya presha, inalaza mapezi ya rejeta, na yaliyokwisha kuliwa na chumvi yanapukutika kabisa.

Likichemka mlimani tu, kama ule wa kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto, basi maji hayazunguki vya kutosha. Kwenye N46 pampu ya maji inazungushwa na fenibelti. Tazama chini yake kama kuna mstari wa chumvichumvi wa bluu au mweupe, ushike puli uitikise. Haitakiwi kucheza hata kidogo. Kwenye N52 pampu ni ya umeme na haikupi dalili ya kuvuja: inakufa tu, na mara nyingi ndani ya safari. Mwenye 323i au 325i iliyokaribia km 100,000 bila pampu kubadilishwa aibadilishe pamoja na thamostati kabla ya kupanda Usambara.

Thamostati iliyoganda wazi huleta dalili ya kinyume: joto halifiki 80 barabarani, na petroli inaliwa. Hapa kuna tabia inayohitaji kusemwa bila kuficha. Mafundi wengi huitoa thamostati na kuitupa, "gari lipoe". Kwenye magari ya zamani iliwezekana. Kwenye N46 kompyuta itaona injini haipati joto, itaendelea kumwaga petroli nyingi kama ya asubuhi, petroli inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuifanya oili kuwa nyepesi, na taa ya injini inawaka. Umeokoa rejeta, umeua beringi.

Likipungua maji bila kuacha doa chini, usikimbilie silinda hedi. Funga pampu ya kupimia presha kwenye tenki la maji injini ikiwa baridi, pandisha mpaka bar 1.4 hivi, uiache dakika 15, kisha pita na tochi: mshono wa tenki la plastiki, mdomo wa kila hozi pale inapoingia kwenye kiungio, shingo ya rejeta, zulia la miguuni upande wa hita. Tenki huwa na ufa mwembamba kama unywele unaofunguka likiwa na joto tu. Mfuniko wake nao huzeeka. Presha ikisimama na maji bado yanapotea, ndipo utumie ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi. Ikigeuka, gasketi ya hedi imeenda.

Kulanti ya BMW ni ya bluu, huchanganywa nusu kwa nusu na maji. Usiichanganye na ya kijani ya dukani. Maji yawe yaliyochemshwa na kugandishwa mvuke, yale yanayouzwa kujazia betri (si tindikali, soma chupa). Ya kisima hapana: mji umekaa juu ya mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni ushahidi tosha, na chokaa hiyo hiyo inakwenda kuweka ukoko ndani ya rejeta.

Kutoa upepo ni hatua inayorukwa sana. Kwa N46: washa swichi bila kupiga stata, hita weka joto la mwisho na feni ya ndani namba ndogo, fungua skrubu ya kutolea upepo, jaza polepole mpaka yatoke maji matupu bila mapovu, funga. Kwa N52: fanya hivyo hivyo, funga mfuniko, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kwa sekunde 10 uachie, pampu itazunguka yenyewe kama dakika 12. Weka chaja kwenye betri wakati huo, vinginevyo utamaliza na gari lisilowaka.

Na taa nyekundu ikiwaka njiani: simama pale pale. Si Segera, si kituo cha mafuta kinachoonekana mbele. Hedi ni ya aluminiamu, inapinda kwa dakika chache. Zima, fungua boneti, subiri hata saa nzima, usifungue mfuniko.

Harufu ya oili inayoungua, au tone chini ya gari

Oili ya N46 huvuja kwa utaratibu unaojulikana, kutoka juu kwenda chini, na kila ya juu hujifanya ya chini. Kwa hiyo osha injini kwanza, iache ikauke, kisha paka poda ya mtoto sehemu zote zinazoshukiwa. Endesha km 20 hivi, mathalani Pongwe na kurudi, na uangalie poda imelowa kuanzia wapi.

Ikilowa pembeni mwa tapeti kava na harufu inaingia ndani ya gari ukisimama, ni gasketi ya tapeti kava, na oili inadondokea eksozi. Ukibadilisha, badilisha seti nzima: gasketi ya pembeni, sili za mashimo ya plagi, na sili ya soketi ya sensa ya eksentriki. Kama kava ni la plastiki, liweke juu ya kioo uone halijapinda. Boliti zake hukazwa kidogo, karibu Nm 10 kwa spana ya kupimia nguvu, kuanzia katikati kwenda nje. Silikoni iwekwe kwenye pembe chache tu ambako vipande viwili vya chuma vinakutana. Fundi anayezungusha silikoni kote kama anapaka siagi mkate anakupa tatizo jingine: vipande vinang'oka, vinakwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Ikilowa nyuma ya hedi, pale injini inapokutana na giaboksi, simama kabla mtu hajakuambia "sili ya kranki ya nyuma imekwenda, tushushe giaboksi". Juu ya hapo kuna ile pampu ya vakyumu. Ikivuja, oili inateremka kwenye ukuta wa nyuma wa injini na kutokea chini ya kengele ya giaboksi, mahali hasa ambapo sili ya kranki ingetokea. Pitisha kioo kidogo na tochi nyuma ya hedi. Kukiwa na unyevu juu, sili ya kranki haina kesi ya kujibu. Pampu ikichoka kabisa huongeza dalili nyingine: pedali ya breki inakuwa ngumu ukikanyaga mara mbili tatu mfululizo.

Uvujaji wa tatu uko kwenye gasketi ya nyumba ya filta ya oili. Huu usiuache hata kama ni mdogo, kwa sababu oili ikifika kwenye fenibelti, belti inavimba, inachanika nyuzi, na kwenye N52 nyuzi hizo zimewahi kuvutwa mpaka ndani ya sili ya mbele ya kranki.

Moshi wa bluu

Jinsi ya kutofautisha: pasha injini moto kabisa, iache sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) dakika 10, kisha kanyaga mafuta mara moja. Likitoka wingu la bluu halafu likakata, sili za valvu zimekauka. Oili ilikuwa inateremka taratibu kwenye miguu ya valvu muda wote ule ulipokuwa unasubiri. Ziko 16, na zinaweza kubadilishwa bila kung'oa hedi: upepo wa kompresa unaingizwa kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke, springi zinabanwa, sili zinatolewa moja moja. Kazi inataka kifaa maalumu cha injini za Valvetronic na mtu mwenye subira. Ovahoo nzima kwa ajili ya sili ni kumpeleka mtu theta kwa sababu ya jino.

Moshi ukitoka muda wote, na injini inalia kama filimbi, fungua mfuniko wa oili injini ikiwa sailensi. Unatakiwa kuhisi mvuto mdogo tu. Mfuniko ukigoma kutoka kana kwamba mtu anauvuta ndani, membreni ya kuhemea injini imechanika. Iko kwenye tapeti kava au kando yake kutegemea toleo. Hii ni spea ya mkononi, na imewahi kusababisha watu kuuza magari yao.

Kagua oili kila Jumamosi wakati huu wote. N52 haina kijiti cha kupimia, unasoma kwenye dashibodi injini ikiwa ya moto na gari liko tambarare.

Linamisi, linakosa nguvu, halikai sailensi

Soma makosa kwanza. Yale ya P0301 hadi P0304 yanataja silinda inayomisi. Toa koili ya silinda hiyo na uichungulie: mpira wake ukiwa na oili, rudi kwenye habari ya tapeti kava, maana koili mpya itakufa kwa oili ile ile. Ikiwa kavu, ihamishe. Ya silinda ya 2 ipeleke ya 4, futa makosa, zunguka mjini. P0302 ikigeuka P0304, koili ndiyo mbovu. Ikibaki pale pale, hamisha plagi kwa mtindo huo huo, kisha nozeli, kisha pima kompresheni. Dakika 20 za kazi hii zinakuepusha kununua koili 4 kwa kubahatisha. Kwenye N43 mpangilio unageuka kidogo: koili na nozeli zote ni washukiwa wakubwa, na nozeli zake si za kusafisha kienyeji.

P0171, yaani hewa nyingi kuliko petroli: kabla ya kugusa sensa ya hewa, tafuta hozi ya hewa iliyochanika kati ya boksi la filta na throto, na ile membreni ya juu. Mashine ya moshi inaonyesha tundu ndani ya dakika mbili.

Msimbo 2A82 au 2A87 ni VANOS, mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka valvu: wa kwanza upande wa kuingiza, wa pili upande wa eksozi. Soleinoidi zake mbili ziko mbele ya injini. Toa, osha kwa dawa ya kusafishia kabureta, weka oringi mpya. Kama namba za spea zinafanana, zibadilishane nafasi: kosa likihama, umempata mwizi. Lisipohama, angalia oili. Oili nene au chafu huifanya VANOS ionekane mbovu wakati ni nzima.

Gari likiingia hali ya kujilinda, nguvu zimekatika, sailensi inayumba na makosa yanataja Valvetronic, zima kila kitu, chomoa soketi ya sensa ya eksentriki na uangalie pini. Oili ndani ya soketi inamaanisha sili yake imepasuka na huenda sensa imelewa. Njia ya kuhakikisha: chomoa mota ya Valvetronic, washa. Kompyuta itarudi kutumia throto ya kawaida. Injini ikitulia, tatizo liko upande wa Valvetronic. Ikiendelea kutetemeka vile vile, usiinunulie mota.

Mlio wa cheni asubuhi

Krrrr ya sekunde mbili tatu injini ikiwa baridi, kisha kimya. Mara nyingi ni tenshena (kikaza cheni) iliyochoka, na yenyewe hufunguliwa kwa nje bila kuvunja kitu. Mlio ukiendelea injini ikiwa ya moto, fungua filta ya oili na uipekue mikunjo yake kwenye mwanga. Ukiona vipande vya plastiki vya kahawia au vyeusi, reli za cheni zinavunjika na mabaki yako kwenye sampu. Hapo ni kushusha sampu, kusafisha chujio la pampu, na kuweka cheni na reli mpya kwa kutumia vifungio vya taimingi. Kwa jicho haiwezekani. Usiliwashe tena mpaka lishughulikiwe.

Sababu ya reli kufa mapema ni ile kompyuta ya servisi inayohesabu hadi km 25,000 kabla ya kudai oili. Huo ni mpango wa barabara za Ujerumani. Tanga badilisha kila km 7,000 au miezi sita. N46 inachukua lita 4.25 pamoja na filta, oili ya 5W-30 au 5W-40 iliyoandikwa LL-01, kiwango cha BMW, kwenye kopo. Mfuniko wa filta unakazwa Nm 25, imechongwa juu yake, na oringi mpya imo ndani ya boksi la filta. Inaachwa humo mara nyingi mno.

Umeme unapochanganyikiwa

Taa za onyo za gari lililotoka Japani huja na maneno ya Kijapani kwenye skrini, na wenye magari wamezoea kuyapuuza. Piga picha, tafsiri kwa simu. Mara nyingi ndiyo betri inayolalamika.

Betri iko nyuma kwenye buti. Mpya isifungwe tu na kuachwa: lazima isajiliwe kwa mashine, kwa sababu kompyuta, inayosoma sensa iliyo kwenye waya wa hasi, inaendelea kuichaji kama ile kuukuu, na haitakaa. Iwe na aina na Ah (ujazo wa umeme) ile ile iliyotoka, na mrija wake wa kutolea gesi urudishwe. Kabla ya kuichomoa, zima gari, funga milango, subiri dakika 20 moduli zilale. Kwenye magari ya kuanzia 2007 hivi, kuchomoa betri gari likiwa macho, au kulianzisha kwa betri iliyokufa kabisa, huweza kuharibu kumbukumbu ya FRM, ile moduli iliyo miguuni. Dalili zake hazifanani na kitu kingine: taa za mbele zinabaki zimewaka, indiketa hazifanyi kazi, vioo havishuki, vyote kwa pamoja. Moduli haijaungua. Data yake inaandikwa upya na fundi elektroniki mwenye kifaa cha kusoma chipu, kisha inarudishwa.

Buti likijifungua lenyewe, au taa ya namba ikileta onyo kila ukifunga, vua bomba la mpira lililo kwenye bawaba la buti. Waya humo hukatika kwa kukunjwa miaka yote. Unga kwa kusoda na bomba jipya, si kwa selotepu.

Gari likikataa kupiga stata na alama ya usukani ikawaka nyekundu, ni loki ya umeme ya usukani. Jaribu betri iliyojaa kwanza, ikipona, shukuru.

Gia na miguu

Giaboksi ya otomatiki iliitwa ya kudumu bila kubadilishwa oili. ZF, waliounda mojawapo, wenyewe wanataka ibadilishwe kati ya km 80,000 na 120,000. Lala chini utazame sampu: nyeusi ya plastiki ni ZF, na filta imo humo humo ndani ya sampu, inatumia oili ya ZF ya giaboksi za gia sita; ya chuma ni GM, inatumia Dexron VI. Kuzichanganya ni kununua giaboksi. Kiwango hupimwa injini ikiwaka, baada ya kupitisha gia zote, oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50 kwa mashine, mpaka ianze kutoka kwa uzi mwembamba kwenye tundu la kujazia.

Usukani ukitetemeka unapofunga breki kwenye mwendo wa 80 hadi 100, diski hulaumiwa bure. Tazama bushi za mikono ya mbele, zile zenye kimiminika ndani: zikipasuka huacha jasho jeusi kwenye chuma. Badilisha zote mbili, boliti zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, kisha alaimenti.

E90 nyingi zilitoka kiwandani bila tairi la akiba, zikiwa na tairi ngumu zinazotembea bila upepo. Kwenye mashimo tairi hizo hutoa uvimbe ubavuni na kupiga bushi nyundo. Ukihamia za kawaida, 205/55 R16 inatosha, lakini nunua na rimu moja ya ziada yenye matundu 5 ya boliti kwenye duara la kipenyo cha mm 120, na tundu la kati la mm 72.6, pamoja na jeki, maana hata jeki huwa haimo.